Neno la leo: "insufficient" si "pesa zimeibiwa"

Ndugu zetu mlioko kazini, leo tujifunze neno ambalo ATM na programu za kutuma pesa zinalipenda sana: insufficient. Tamka "in-sa-FI-shent". Mara nyingi huja na mwenzake: insufficient balance au insufficient funds. Wengi wakiliona, moyo unaruka. Tulia kwanza, ulielewe.

Maana yake

Ni "isiyotosha". Halisemi kwamba huna kitu. Linasema ulichonacho ni pungufu kuliko kinachotakiwa. Hizo ni habari mbili tofauti.

Limetoka wapi

Waingereza walilipata karne ya 14 kupitia Kifaransa cha zamani, asili yake Kilatini. Lina vipande vitatu. "In-" inakanusha, kama "-si-" yetu: inayotosha, isiyotosha. "Suf-" ni "sub", yaani chini. Kilichobaki kinatokana na "facere": kufanya au kuweka. Kuweka kitu chini ya kingine, ndipo ikaja maana ya kupatia kinachohitajika, mwisho kutosha.

Fundi wa ujenzi atalikumbuka hivi: zege la slabu hushikiliwa na mirunda kwa chini. Ikiwa michache, mirunda ipo, lakini haitoshi kubeba.

Kwenye pesa zako

Mfano tu: una riyali 100, unataka kutuma zote nyumbani, ada ni riyali 2. Zinatakiwa 102. Jibu litakuja insufficient, kumbe umepungukiwa 2 tu. Tuma 98, itapita.

Kama hesabu yako iko sawa na bado inagoma, angalia palipoandikwa available balance. Hiyo ndiyo pesa unayoweza kuitumia sasa hivi. Huenda ulilipa dukani kwa kadi na kiasi hicho bado kimeshikiliwa, au benki yako inataka kiwango fulani kisiguswe. Ukiona bado hupati jibu, nenda tawini ukaulize.

Walioko Marekani watakutana na herufi NSF, yaani non-sufficient funds. Neno ni lile lile. Baadhi ya benki hukata faini hundi au malipo yakikataliwa kwa sababu hiyo, kwa hiyo hakikisha mshahara umeingia kabla ya tarehe ya kulipa.

Na jamani, mtu akikupigia kwamba atakuondolea tatizo hilo ukimpa namba ya siri au kodi iliyoingia kwenye simu, kata simu. Pesa isiyotosha haitibiwi kwa namba ya siri.

Nje ya benki

Ukiambiwa insufficient documents, karatasi zako hazijatimia. Hujanyimwa. Uliza: "What is missing?", yaani kinakosekana nini?

Zoezi

Una dirham 500, ada ni 15. Unaweza kutuma ngapi bila kuliona neno hili? Ukipata 485, umefaulu.