Yanayorudishika na Yasiyorudishika

Somo: 2 Samweli 11 na 12, Luka 19:1–10



Darasani tuliwafundisha watoto hivi: chumvi ikiyeyuka majini, chemsha maji hayo mpaka yakauke, nawe utaipata chumvi yako. Lakini ukuni ukiisha kuungua, hakuna awezaye kulifanya jivu liwe ukuni tena.

Tunao mfano katika milima yetu ya Udzungwa. Mwaka 1996, kwenye maporomoko ya Mto Kihansi, wataalamu waligundua vyura wadogo wa rangi ya manjano, ambao hawatagi mayai bali huzaa. Hawakupatikana penginepo duniani, nao waliishi kwa manyunyu ya maporomoko hayo. Kufikia mwaka 2000 maji ya mto yalikuwa yamegeuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme. Umeme tuliuhitaji, lakini manyunyu yalikatika. Yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji. Hata hivyo vyura walikwisha, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini.

Habari haikuishia hapo, kwa sababu mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa. Wazao wao waliletwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena bondeni. Kama wale 499 wasingaliwekwa akiba, hakuna fedha ambayo ingalimrudisha hata mmoja.

Na sisi je? Zakayo alidhulumu fedha, akazirudisha mara nne. Daudi alitubu kwa machozi na Mungu akamsamehe, lakini Uria hakurudi nyumbani kwake. Msamaha wa Mungu ni kamili; hata hivyo haufuti kila tulichoharibu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi, kabla ya kuwasha moto wa shamba karibu na msitu, kabla ya kuuza ardhi ya urithi wa watoto, kabla ya kutoa neno kwa hasira, tujiulize: hili ni chumvi, au ni ukuni? Likiwa ukuni, tungoje, tuombe, tutake shauri la wazee.

Maswali ya kujadiliana:

1. Zakayo aliweza kufanya nini ambacho Daudi hakuweza?

2. Je, kipo kitu cha jirani mikononi mwako ambacho bado chaweza kurudishwa? Kirudishe kabla ya Jumapili.