Nyota Kubwa Huzaliwaje?

Ndugu mmoja wa darsa letu ametuuliza: zile nyota kubwa, zimeanza kubwa, au zilikuwa ndogo zikakua? Suali hili ni zuri, nasi twalijibu kwa kadiri ya nafasi yetu.

Mwisho wa Januari, kaskazi ivumapo, simama penye kiza katika Mji wa Kale mnamo saa tatu za usiku, utazame utosini. Utaona nyota tatu zilizopangana sawasawa. Huo ni mshipi wa Jabbari, aitwaye na Wazungu Orion. Kusini yake kidogo pana doa kama moshi. Doa hilo ni wingu la gesi na vumbi, na nuru tuionayo iliondoka huko yapata miaka 1,300 iliyopita.

Mwaka 2009 ilirushwa darubini iitwayo Herschel, yenye kupokea joto hafifu lisiloonekana kwa macho. Ilibainisha kwamba mawingu ya namna hii yamejaa nyuzi ndefu za gesi, baridi mno. Jabbari anao uzi mmoja mrefu uliopindika, na doa lile limo ndani yake.

Uzi ukizidi uzito, hujivuta wenyewe ukakatika mafungu, na mafungu hayo huwa nyota, nyingi zao ndogo. Ama nyota kubwa, iliyo nzito kuliko jua mara 8 au zaidi, yataka gesi nyingi kwa haraka, kwani nuru yake yenyewe huisukuma gesi isiingie. Basi huzaliwa kifundoni, nyuzi zikutanapo. Mfano wake ni vichochoro vyetu siku ya Ijumaa: kila kimoja hutoa watu wachache, lakini mlangoni mwa msikiti husongamana.

Jawabu, basi, ni kwamba huanza ndogo, ikakuzwa na vitokavyo mbali. Katika doa lile imo moja yenye uzito wa jua zaidi ya mara 30.

Wala mtu asidhani kwamba iliyo kubwa ndiyo yenye umri. Jua hudumu miaka kama milioni elfu kumi. Nyota kubwa kama ile haitimizi milioni kumi, kisha hupasuka na kumwaga ilivyovipika. Sehemu kubwa ya oksijeni tuivutayo ilipikwa na nyota kama hizo, zilizokufa kabla ya jua kuwako.

Manahodha wa Bandari ya Kale walizijua nyota kwa majina yake. Hata Rigel ya vitabu vya Wazungu ni rijl, mguu wa Jabbari. Yatupasa tuwaonyeshe watoto wetu, wasije wakajua taa za barabarani tu.