Majedwali ya Mwisho wa Sataranji: Hakikisha Kabla ya Kuhukumu



Ndugu zangu, somo hili nililipata baada ya kumdhulumu mwenzangu, japo bila kukusudia.

Jioni moja hapa Arua, wanafunzi wawili walikuwa wakicheza sataranji hosteli. Adhana ya Magharibi ikaadhiniwa kabla hawajamaliza. Mmoja alibaki na mfalme, ngome na askofu. Wa pili mfalme na ngome tu. Baada ya swala tukakubaliana kompyuta yangu iamue. Programu ya Stockfish ikampa mwenye askofu zaidi ya pointi moja, nami nikatangaza kuwa ameshinda. Mdogo wetu kutoka Koboko akasema kwa upole, "Kaka, hii ni sare." Nikamjibu kwamba kompyuta haikosei.

Niliamini inasoma majedwali ya mwisho wa mchezo. Majedwali haya hayakisii: kila mkao wa kete chache umeshahesabiwa hadi mwisho, ikajulikana ni ushindi, sare au kushindwa. Yanayotumika sana ni ya Syzygy, kazi ya Ronald de Man ya mwaka 2013. Ya kete 3 hadi 5, wafalme wakiwemo, huchukua karibu GB 1. Ya kete 6 karibu GB 150. Ya kete 7, yaliyokamilika 2018, karibu TB 17. Kompyuta ya mwanafunzi yatosha kubeba ya kete 5, na mkao ule ulikuwa na kete 5 kamili.

Usiku maneno ya yule mdogo yakanisumbua, nikaanza kuchunguza. Nawe fuata mpango huu.

Kwanza, soma idadi. Ukiionyesha Stockfish folda kupitia SyzygyPath, huandika imepata majedwali mangapi. Ya kete 3 hadi 5 ni 145. Yangu iliandika 0, na sikuwahi kutazama.

Pili, kagua folda. Nilipoyanakili kutoka kwenye flashi iliyokuja kwa basi kutoka Kampala, folda iliingia ndani ya folda nyingine. Stockfish haitafuti ndani ya folda za ndani. Ipe njia ya folda yenye faili zenyewe. Zikiwa folda mbili, zitenganishe kwa nukta mkato kwenye Windows, kwa nukta mbili kwenye Linux.

Tatu, kagua majina. Kila jedwali lina faili mbili, jumla 290: ya .rtbw hutaja matokeo, ya .rtbz huongoza njia ili ushindi usipotee kwa kanuni ya hatua 50. KRBvKR ikigeuka KRBvKR(1), haisomeki. Faili za Nalimov, zenye .emd, Stockfish haizisomi kabisa.

Nne, tafuta faili iliyokatika. Flashi ikichomolewa mapema, faili hubaki nusu, na programu inaweza kujifunga ghafla ikiifikia. Linganisha ukubwa na faili ya asili, au bora zaidi alama ya MD5. Ikitofautiana, nakili upya hiyo moja tu.

Tano, jaribu. Weka mkao wa kete 5 na utazame hesabu ya tbhits. Ikibaki 0, programu inakisia tu.

Niliporekebisha folda, 145 ikatokea. Nikaupanga mkao ule ule: 0.00. Sare.

Baada ya Alfajiri nilimwomba mdogo wangu radhi mbele ya wale wale walioisikia hukumu yangu. Akacheka, akaomba nakala. Nikampa pamoja na orodha ya alama za MD5.

Wanazuoni wametofautiana kuhusu sataranji, na walioiruhusu waliweka masharti: isiingie kamari, wala isichelewesha swala. Mimi najiongezea sharti jingine. Sura ya Hujurat inatufundisha kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua, nasi tukipokea hadithi huuliza isnadi yake. Kwa nini basi faili ya flashi niipokee bila swali? Programu haikunidanganya, 0 ilikuwa imeandikwa pale. Ni mimi sikuisoma.

Wabillahi tawfiq.