Ukingo Juu ya Paa: Watoto Wetu na Simu

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8

Wapendwa wazazi wa kambi ya Kinama hapa Muyinga, na ninyi ndugu zetu mnaoishi Gitega mjini,

Somo letu safari hii ni mstari mmoja mfupi, ambao wengi wetu huupita haraka. Musa aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya azungushie paa lake ukingo, ili asianguke mtu na nyumba ile ikawa na hatia ya damu. Paa la kule halikuwa la mabati wala la turubai kama haya yetu. Lilikuwa tambarare, na watu walilitumia kila siku. Rahabu aliwaficha wapelelezi paani chini ya mabua ya kitani. Petro alipanda paani kuomba kule Yafa. Tuangalie vizuri: Mungu hakuwakataza watu kupanda. Alitaka pawe na ukingo, na kazi ya kuujenga alimpa mwenye nyumba, hakumpa mtoto anayecheza huko juu. (Mfalme Daudi naye aliangukia paani, ingawa mguu wake haukuteleza. Yaliyoteleza ni macho.)

Leo paa letu ni simu. Kwa simu tunapata habari za ndugu walioko Uvira na Nakivale, tunapokea pesa kwa Lumicash, na watoto wa sekondari wanatumiana masomo. Hatuwezi kusema tusiitumie. Lakini katika nyumba nyingi za kambini simu yenye intaneti ni moja tu, na anayeijua ni mtoto. Mama anamwita amsomee ujumbe wa shangazi. Baba anampa namba ya siri atoe pesa. Ikija karatasi kutoka ofisini, mtoto ndiye anayeipiga picha. Tumemfanya karani wa nyumba akiwa na miaka 12, kisha tunashangaa kwamba anajua njia zote za huko juu kuliko sisi. Kwa wenzetu wa Gitega hali ni tofauti kidogo: vijana wengine wana simu zao wenyewe, na mzazi hajui hata wanazungumza na nani.

Tuwaeleze jambo lililotufikia. Hatutaji mahali wala jina. Binti wa miaka 14 alipata rafiki kwenye Facebook, mwanamume aliyesema anashughulikia mafaili ya watu wanaokwenda nje. Alimsalimu kwa lugha ya nyumbani, alijua nyimbo zetu, na kila asubuhi alimtumia mstari wa Biblia. Kwanza aliomba picha ya karatasi ya familia. Binti aliituma kwa furaha, akidhani anawasaidia wazazi wake. Baadaye aliomba picha yake, kisha nyingine ambayo hatuna haja ya kuieleza. Alipoipata, alibadilika siku hiyo hiyo: tuma pesa, au naiweka kwenye kundi la kwaya yenu. Binti alituma mara mbili, pesa ambazo mama yake alipata kwa kuuza lengalenga. Mara ya tatu hapakuwa na kitu. Aliacha kuja kwaya, na mama mmoja wa kwaya ndiye aliyemfuata hadi akasema.

Tulimwuliza kwa nini hakuwaambia wazazi. Alijibu kwamba baba alikuwa amesema siku akiona jambo baya kwenye simu ataivunja na kumpiga.

Wapendwa, maneno hayo baba hakuyatunga. Ni sisi walimu tuliofundisha hivyo. Tulisema simu ni mtego wa shetani, wanyang'anyeni watoto. Tulikosea, na tunaomba radhi. Mwovu yule hakuwa na nguvu nyingine yoyote ila kujua kwamba mtoto ataogopa nyumbani kwao kuliko anavyomwogopa yeye. Fimbo yetu ilimfanyia kazi.

Basi ukingo wa kwanza ni mtoto kujua, kabla jambo halijatokea, kwamba akija kusema hatapigwa wala kufukuzwa. Mwambieni leo, kwa maneno wazi, hata kama mnaona aibu.

Likiwa limeshatokea, msilipe. Anayelipwa hurudi kuomba zaidi. Msifute ujumbe: tunzeni jina la akaunti, namba, na uthibitisho wa pesa zilizotumwa, kisha ripotini akaunti hiyo ndani ya Facebook na kuifunga. Lakini ile picha ya mtoto msimtumie mtu yeyote kama ushahidi, hata mchungaji. Nendeni na mtoto kwenye ofisi ya ulinzi ya HCR au ya ONPRA, au pigeni laini ya watoto, 116. Burundi ina sheria ya makosa ya mtandao tangu 2022. Upo pia msaada wa bure kwenye intaneti uitwao Take It Down, kwa picha za walio chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu. Inatengenezwa alama yake tu, na mitandao iliyokubali, kama Facebook, Instagram na TikTok, huitumia kuitafuta na kuiondoa.

Kuhusu safari za nje: HCR haiuzi nafasi, na hakuna faili linalofunguliwa kwa picha iliyotumwa Facebook. Tangu Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi Januari 2025, mioyo ya wengi inauma, na anayekuja na ahadi anasikilizwa haraka. Vivyo hivyo kwa wasichana wanaoahidiwa kazi za nyumbani Uarabuni kwa WhatsApp. Mtoto asitume karatasi ya familia kwa mtu yeyote bila mzazi kukaa naye.

Mengine ni madogo. Facebook, WhatsApp na TikTok zenyewe zinasema mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Kwenye WhatsApp, wekeni kwamba wanaojulikana tu ndio wanaoweza kumwingiza mtoto kwenye makundi na kuona picha yake. Zimeni video zisijipakue zenyewe, na mega zenu pia zitadumu. Namba sita zinazokuja kwa ujumbe wa WhatsApp asipewe mtu, hata akisema ni mjomba. Usiku simu ilale upande wa wazazi.

Ya kuzungumza nyumbani jioni: Ni nani hapa nyumbani anayejua namba ya siri ya pesa zetu? Mtoto wetu anazungumza na nani ambaye sisi hatujamwona? Akituletea jambo la aibu usiku huu, neno letu la kwanza litakuwa lipi?

Msiojua kuweka hayo ya WhatsApp, njooni na simu zenu baada ya ibada. Vijana wa kwaya watawaonyesha. Simu iwe na chaji.