Mnyama wa Mtoto na Dhima ya Baba

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila chenye roho na akakikadiria riziki yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila awafuataye kwa wema.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, baadhi ya wazee wenye watoto chuoni kwangu wameniuliza juu ya wanyama wadogo waitwao simbilisi, ambao watoto wameanza kuwafuga majumbani. Mmoja auliza: Je, yajuzu kuwafuga? Wa pili auliza: Je, hawana nasaba na nguruwe, maana Mwingereza huwaita kwa jina la nguruwe? Wa tatu asema kuwa haya ni mambo ya kitoto, hayastahiki kupotezewa wino. Nami nimeona niandike somo hili, wala si kwa ajili ya maswali hayo tu, kwani jawabu zake ni nyepesi. Naliandika kwa ajili ya swali jingine, nililoulizwa na mwanangu mwenyewe, na jawabu lake lilikuwa zito juu yangu.

KHABARI YA MNYAMA HUYU

Simbilisi ni mnyama mdogo mla majani, mwenye manyoya laini na masikio mafupi, wala hana mkia wa kuonekana. Asili yake ni milima ya Andes, katika nchi za Peru, Bolivia na Ekwado, ambako wenyeji walimfuga kwa chakula maelfu ya miaka kabla ya Mzungu kufika. Wahispania walipoziteka nchi zile katika karne ya 16, wanyama hawa walichukuliwa mpaka Ulaya, na huko wakafanywa wa kuchezewa na watoto. Katika Tanzania hufugwa nyanda za juu za kusini, pande za Iringa na jirani zake.

Mnyama huyu si nguruwe. Ni wa jamii ya wanyama wagugunao kwa meno ya mbele, kama panya na nungu. Na hukumu ya sharia hufuata dhati ya kitu. Haifuati jina alilokipa mtu wa lugha nyingine. Ama suala la kumla, hilo lina mlango wake, na somo letu la leo ni la kumfuga.

MAS-ALA YA KWANZA: TWAHARA

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, kila mnyama aliye hai ni twahara ila mbwa na nguruwe, na kilichozaliwa na mmoja wao. Basi simbilisi akiwa hai ni twahara, mtoto akimbeba kifuani nguo yake haitanajisika, na maji aliyoyanywa hayanajisiki kwa kinywa chake. Lakini mkojo wake na mavi yake ni najisi, kama walivyo wanyama wote kwetu. Kwa hiyo mtoto afundishwe kuosha pahali palipoingia najisi kabla ya kusali, na tundu lisiwekwe pahali pa kusalia. Akifa ni mzoga; asichezewe, bali afukiwe.

MAS-ALA YA PILI: KUMFUGA NA KUMPA MTOTO

Hili lajuzu, na hujja yake yajulikana. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Anas bin Malik khabari ya ndugu yake mdogo, Abu Umayr, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege yule akafa, na mtoto akahuzunika. Mtume (S.A.W.) alipomwona alimsemesha kwa upole na mzaha, akamwuliza khabari za ndege wake. Mwanachuoni wetu wa Kishafi'i, Ibn al-Qass wa Tabaristan, aliyefariki mwaka 335 wa Hijra, aliandika kijitabu kizima juu ya hadithi hii fupi, akatoa ndani yake faida zipatazo sitini. Katika yaliyofahamiwa na wanavyuoni ni kuwa yajuzu mtoto kuchezea ndege, na yajuzu mzazi kutumia mali yake kwa jambo hilo, maadamu mnyama haadhibiwi.

Tena, wanavyuoni wetu wamejuzisha kuuza na kununua tausi kwa kuwa watu hupendezwa na rangi zake. Basi mwenye kusema kuwa kumfurahisha mtoto kwa mnyama ni upuzi, na aitazame khabari ya Abu Umayr, aone ni nani aliyeinama kumwuliza mtoto juu ya ndege wake.

Lakini tuyashike yale maneno ya mwisho: maadamu mnyama haadhibiwi. Juu ya sharti hili ndiko nilikojikwaa mimi.

MAS-ALA YA TATU: NI NANI ABEBAYE DHIMA

Mwanangu ana miaka minane. Mjomba wake alirudi safari ya Iringa akamletea simbilisi wawili ndani ya kikapu. Mtoto alifurahi furaha kubwa, na dada zake pia. Tukatafuta sanduku la mbao, tukalitia wavu, tukaliweka uani. Nami nikamwambia, "Mwanangu, hawa ni wako. Wewe ndiwe utakayewalisha na kuwanywesha." Nikadhani kuwa nimemfundisha uaminifu. Kwa hakika nilijivua mzigo, nikamtwika mtoto.

Muda wa miezi mitatu alifanya vizuri. Akitoka chuoni hukata majani, huosha kibakuli, hukaa nao mpaka Magharibi. Wanyama wale walimjua; wakisikia nyayo zake hupiga mluzi wa kutaka chakula, na nyumba nzima ikawa yacheka. Na wallahi niliona tabia yake ikilainika. Alikuwa mwepesi wa mkono kwa mdogo wake, akaacha.

Kisha yakaja majira ya kaskazi. Siku ya Alkhamisi mtoto akaenda kwa bibi yake, akalala huko siku mbili. Hakuniusia wanyama, na mimi sikuuliza. Mama yake alidhani nimeshika mimi, mimi nikadhani ameshika mama yake. Ijumaa asubuhi nilipita uani nikiwa nimekwisha koga kwa ajili ya sala, nikawasikia wakilia. Nikasema nafsini mwangu, "Wamtaka bwana wao," nikaenda zangu. Niliporudi msikitini jua lilikuwa limelihamia sanduku, kibakuli kikavu, na mmoja amekwisha kufa. Wa pili alikuwa amelala ubavu, ahema. Tukamtia kivulini, tukampa maji kidogo kidogo, Mwenyezi Mungu akamponya.

Mtoto aliporejea hakupiga kelele. Alikaa kimya mpaka baada ya Isha, kisha akaja akanishika mkono, akaniuliza, "Baba, mimi nitatiwa motoni kama yule mwanamke wa paka?"

Ndugu zangu, hadithi ile ya mwanamke aliyemfunga paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhi, akaingia motoni kwa sababu yake, ni mimi niliyemfundisha. Nimeisomesha chuoni kwa muda wa miaka thalathini. Mtoto aliifahamu, akajihukumia nafsi yake. Na mimi mwalimu wake nilipita mbele ya sanduku nimetawadha, nasikia, nisifahamu.

Nikamjibu kwa yale yajulikanayo katika fiqhi, "La, mwanangu. Wewe hujabaleghe, kalamu haiandiki dhambi juu yako. Aliyekuwa mukallaf katika nyumba hii ni mimi. Swali hilo ni langu, si lako."

Akaniuliza, "Basi wewe utafanya nini, Baba?"

Nikamwambia, "Nitatubu kwa Mola wangu, na tangu kesho tutawatazama pamoja."

Hebu sasa tuitazame fiqhi yenyewe. Imam Nawawi katika Minhaj, mwisho wa mlango wa nafaka, ametaja kuwa mwenye wanyama ni wajibu wake kuwapa chakula na maji. Akikataa hulazimishwa: ikiwa mnyama ni wa kuliwa, amuuze, au amlishe, au amchinje, na ikiwa si wa kuliwa, amuuze au amlishe. Tazama pahali Imam alipoliweka jambo hili. Ameliweka katika mlango ule ule wa nafaka ya mke na watoto na jamaa, hakuliacha likawa khiari ya mwenye huruma. Na mnyama akiwa ni milki ya mtoto, walii wake ndiye msimamizi wa mali yake, na yeye ndiye mwenye kuamrishwa. Basi kusema "nimempa mtoto" hakumtoi baba katika dhima.

Na mfano wa jambo hili twaujua katika sala. Twaamrishwa kuwahimiza watoto wetu kusali wafikapo miaka saba, hali sala haijawa faradhi juu yao. Faradhi ya kuwahimiza i juu ya nani? I juu ya walii. Mtoto huzoezwa, na baba ndiye mwenye kuulizwa. Basi na kulisha mnyama ni vivyo hivyo: mtoto abebe kibakuli, na baba aihakikishe kazi.

Abu Dawud amepokea kwa Abdullah bin Jaafar kuwa Mtume (S.A.W.) aliingia bustani ya mtu katika Ansari, akamwona ngamia atokwa na machozi. Akampangusa mpaka akatulia, kisha akauliza mwenyewe ni nani. Akaja kijana wa Kiansari, naye Mtume akamkanya kwa kuwa ngamia alilalamika kuwa humtia njaa na kumchosha. Mwangalie: ngamia hana ulimi wa kusema nasi, lakini mashitaka yake yalifika. Na simbilisi wangu naye alilia, mimi nikayafasiri mashitaka yake kuwa ni mchezo.

Na mnyama wa tunduni haki yake ni nzito kuliko wa porini. Wa porini akikosa huku hutafuta kule. Wa tunduni tumemfungia milango yote ya riziki ila mmoja, na mlango huo ni mkono wetu.

YAMPASAYO MWENYE KUWAFUGA

Baada ya jambo lile niliuliza wajuzi, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, kivuli na hewa. Mnyama huyu ni wa nchi za baridi. Joto likipita digrii 27 huanza kumdhuru, na kaskazi yetu hupita 30. Tundu liwekwe pasipofika jua la asubuhi wala la jioni, na wakati wa joto kali waingizwe ndani.

Pili, maji safi kila siku, na majani mabichi au makavu yasikatike. Meno yake hukua maisha yake yote, na majani ndiyo ya kuyapunguza.

Tatu, mboga na matunda kidogo, kama pilipili hoho au kipande cha pera. Mwili wake, kama wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu, wakapatwa na ugonjwa mfano wa kiseyeye.

Nne, asikae peke yake, kwani huyu ni mnyama wa jamaa. Lakini wasichanganywe dume na jike pasi na kukusudia, maana mimba yao ni miezi miwili na zaidi kidogo tu, na watoto huzaliwa wana manyoya, macho yamefumbuka.

Tano, mtoto ambebe kwa mikono miwili hali ameketi chini, kwani akianguka huvunjika.

Sita, na hili ndilo kubwa: baba mwenyewe atazame kibakuli mara mbili kwa siku. Mimi nimejiwekea baada ya Alfajiri na baada ya Alasiri. Mtoto akisafiri, mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye mshika zamu. Asiyeweza haya, na awape wanyama mwenye kuweza, wala hapana aibu.

KHATIMA

Tulimletea yule aliyebaki mwenzake jike, naye ni jike pia. Kila Alfajiri mwanangu hunitangulia uani na kibakuli mkononi, nami humfuata. Wakati mwingine hatusemi neno. Lakini naona kuwa hadithi ya paka niliyomsomesha kwa ulimi sasa aisoma kwa mkono, na mimi naisoma pamoja naye.

Enyi akina baba, msiwanunulie watoto wenu mnyama ili wafundishwe huruma na mnyama. Mnyama hafundishi. Mtoto hujifunza huruma kwa kumtazama baba yake akiinama kumimina maji.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyapuuza, na atujaalie tuwe wachunga wema kwa wale aliowaweka chini ya mikono yetu, wenye kusema na wasiosema. Wallahu aalam, wabillahi ttawfiq.