Shimo la Changarawe Lina Deni la Maji

Wengi hudhani mchimba changarawe huchukua mawe tu. Mimi nasema huchukua na maji. Tutazame mto South Platte, jimbo la Colorado, Marekani. Changarawe ya kando ya mto huu imejaa maji yanayokwenda polepole, chini kwa chini, kuelekea mtoni. Ukichimba ukayafikia, shimo linageuka ziwa, na jua linalinywa mwaka baada ya mwaka, hata malori yakishaenda zake. Mto ukipungua, anayeumia ni mkulima wa chini mwenye haki ya maji ya tangu zamani.

Basi sheria ya huko ya 1989 inamtaka mwenye shimo lililofikia maji baada ya 1980 ayarudishe yaliyopotea. Fidia yenyewe ni maji. Mahindi hayanywi noti! Aghalabu hununua haki ya maji ya mfereji wa mashamba, maji yakaachiliwa mtoni. Lakini jamani, shamba lililouza haki hiyo si linabaki kavu?

Njia ninayoipenda mimi ni kulizungushia shimo ukuta wa udongo wa mfinyanzi mpaka kwenye mwamba, maji ya ardhini yasiingie. Baadaye shimo hilo hutumika kama bwawa la kuhifadhia maji.