Mgonjwa Si Rehani ya Bili

Wakili yeyote anayezitetea kliniki za binafsi nchini Kenya ameiona karatasi hii: fomu ya kulazwa ambayo chini kabisa, kwa maandishi madogo kama sisimizi, ina sharti kwamba mgonjwa hatatoka kabla ya kumaliza bili. Mwenye kliniki huishika kama ngao. "Si alitia sahihi mwenyewe?"

Alitia, tena akiwa katika uchungu wa uzazi. Sahihi hiyo haimkingi mtu. Kifungu cha 29 cha Katiba kinakataza kumzuilia mtu bila sababu ya haki, na deni la matibabu ni deni kama la dukani. Muuza sukari hamfungii mteja stoo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliwapa ushindi wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani baada ya kujifungua. Mmoja, aliyelazwa sakafuni, alipewa fidia ya shilingi milioni 1.5. Ni bili za wazazi wangapi hizo? Hata maiti hairuhusiwi kuwekwa rehani: Mahakama Kuu ya Mombasa ilishalisema hilo mwaka 1998.

Kinachoudhi ni kwamba njia halali ipo. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Mwenye kliniki apeleke huko bili yenye mchanganuo, rekodi za matibabu, na hati ya kukiri deni iliyotiwa sahihi mgonjwa akiwa na akili timamu na mlango ukiwa wazi. Hati iliyosainiwa huku askari amesimama mlangoni itamgeukia aliyeiandaa.

Hata hivyo, sheria nayo ina ujeuri wake. Sheria ya Afya ya 2017 inaitisha faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa hospitali inayokataa dharura ilhali ina uwezo wa kuitibu. Mfuko wa kulipia dharura ulikuja na sheria ya 2023, miaka sita baadaye. Bima ya afya ya taifa, NHIF, nayo ilipoipisha mrithi wake, SHA, Oktoba 2024, iliziachia hospitali rundo la madai yasiyolipwa, na hakuna waziri aliyefungiwa wodini kwa sababu hiyo.

Madai hayo yakiendelea kusubiri, fomu ichapishwe upya bila sharti lile, na askari wa getini aambiwe kwa maandishi kwamba mama aliyebeba mtoto si mwizi.